Soma Robota Kabla ya Kushika Spana: Mwongozo wa Beila Kuukuu

Beila nyingi za marobota ya pembe nne zinazofanya kazi Nakuru, Laikipia, Uasin Gishu, Trans Nzoia na kaskazini mwa Tanzania zilifika zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Utakuta New Holland 276, Massey Ferguson 124, Claas Markant au Welger za AP, mashine zilizoundwa kabla baadhi ya wanaoziendesha leo hawajazaliwa. Kitabu cha maelekezo kilibaki zilikotoka, rangi imefifia, na nati zake zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Hata hivyo chuma chake ni cha kweli, na beila ya namna hiyo ikitunzwa hufunga nyasi vizuri msimu baada ya msimu.

Kinachoziua nyingi ni haraka ya kurekebisha. Marobota mawili yanafumuka, fundi anaitwa, anakaza springi hii, analegeza ile, anasogeza sindano, anageuza gia. Ikifika jioni hakuna anayejua mashine ilikuwa imekaaje asubuhi, na ugonjwa mmoja umekuwa magonjwa matano. Ndiyo maana shauri kubwa la mwongozo huu ni hili: robota lililoharibika na vipande vya kamba vilivyobaki juu yake vinaeleza kilichotokea ndani ya mashine. Vikusanye, visome, ndipo ushike spana. Na ukishaishika, badilisha kitu kimoja, ufunge marobota kadhaa, uangalie, kisha ndipo uende kwenye kingine.

Usalama wako na wa tanboi

Flaiwili ya beila ni nzito na huendelea kuzunguka hata baada ya PTO kutolewa. Kabla hujaisogelea mashine, zima injini, chomoa ufunguo uutie mfukoni mwako, na usubiri flaiwili isimame kabisa. Ufunguo usibaki kwenye trekta, maana kuna mtu atakayepanda akidhani umemaliza.

Usivute kamwe nyasi zilizokwama kwenye meno ya kuokota wakati yanazunguka. Meno hayo huvuta nyasi upesi kuliko mkono unavyoweza kuziachia. Wengi waliopoteza mikono kwenye beila walikuwa wanazibua kidogo tu.

Sindano nazo hazitoi onyo. Mkono wa kupimia urefu ukishaachia, sindano zitapanda mara tu flaiwili inapozungushwa, hata kama inazungushwa kwa mkono. Hivyo asiwepo mtu mwenye mikono ndani ya chumba cha robota au karibu na vipiga-fundo mwenzake anapozungusha. Shafti ya PTO iwe na kifuniko chake kizima, na anayefanya kazi karibu nayo asivae shuka, leso wala koti linaloning'inia. Mwisho, beba maji ya kutosha au kizima-moto. Makapi makavu yakirundikana kwenye beringi iliyopata moto, shamba zima linaweza kuwaka.

Anza na nyasi

Nyasi mbichi hufanya beila nzima ionekane mbovu. Robota linakuwa zito mno, kamba zinakatika, plunja inagongagonga, bolti ya usalama inakatika, na fundi anaanza kulaumu kipiga-fundo kisicho na kosa. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe juu ya mashine.

Nyasi za marobota madogo zifungwe unyevu ukiwa kati ya asilimia 15 na 18. Ukizidi 20, robota litaota ukungu na kupata joto ghalani, na joto hilo linaweza kufika hatua ya kuwasha moto. Kama huna kipimo, chukua mtungi mkavu wa glasi wenye kifuniko, katakata nyasi vipande vifupi uujaze nusu, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika mbili. Chumvi ikigandana au kushika kwenye glasi, nyasi bado. Ikibaki inatiririka kama ilivyoingia, endelea.

Kwa Boma Rhodes angalia vifundo vya shina hasa, kwa sababu majani hukauka mapema na kukudanganya. Shika konzi ya mashina kutoka chini ya mstari, sehemu isiyopigwa na jua, uyasokote kwa nguvu. Yakivunjika kwa mlio, yako tayari; yakipinda tu bila kuvunjika, yageuze tena kwa reki. Nyanda za juu umande huchelewa kuondoka, kwa hiyo kuanza kabla haujakauka ni kujitafutia matatizo. Lusani ni tofauti: ikikauka kupita kiasi majani, ambayo ndiyo chakula chenyewe, hupukutika chini. Ifunge hewa ikiwa na ubaridi kidogo, mashina yakiwa tayari makavu.

Mstari na mwendo

Beila za aina hii zimeundwa kwa PTO ya mizunguko 540 kwa dakika. Weka injini kwenye alama ya 540 na uiache hapo. Ukitaka kupunguza au kuongeza mwendo wa trekta, badilisha gia, usicheze na mafuta. PTO ikishuka, plunja hupoteza nguvu na kila kitu kinachoitegemea huyumba.

Mstari wa nyasi uwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na lundo hapa na pengo pale, marobota nayo yatatofautiana, na hakuna springi itakayosawazisha. Mistari ikiwa myembamba, unganisha miwili kwa reki.

Kipo kipimo rahisi cha mwendo. Fungua robota moja uhesabu vipande vyake. Kila plunja inapogonga hutengeneza kipande kimoja, na robota zuri la sentimita 90 huwa na vipande 12 hadi 18. Vikiwa chini ya 10, unailisha mashine kupita kiasi: punguza mwendo. Vikizidi 20 na ni vyembamba sana, nyasi zinaingia chache: ongeza mwendo au nenepesha mstari. Hesabu hiyo peke yake huponya matatizo mengi ya umbo na urefu kabla spana haijatoka kwenye boksi.

Njia ya kamba

Kipiga-fundo kilitoka kwenye mashine za kuvuna na kufunga miganda ya ngano. John Appleby wa Wisconsin, Marekani, ndiye aliyekifanya kiaminike katika miaka ya 1870. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Edwin Nolt wa Pennsylvania aliunda beila inayookota nyasi shambani na kujifungia yenyewe, na kuanzia 1940 kampuni ya New Holland ikaiuza. Kazi ya kipiga-fundo haijabadilika sana tangu hapo, na ndiyo sababu ukikielewa kimoja hutapotea mbele ya kingine.

Kamba hutoka kwenye boksi, hupita kwenye kibanio kinachoipa mkazo, huingia tundu la sindano, na ncha yake hushikwa juu na kisahani. Robota linapokua, kamba hiyo hulala juu yake, hushuka mbele na kurudi kwa chini hadi kwenye sindano. Urefu ukitimia, sindano hupanda na kuleta uzi wa pili nyuma ya robota, hadi kwenye kisahani kile kile. Sasa nyuzi mbili zimelala pamoja juu ya mdomo wa kipiga-fundo.

Mdomo unazunguka mara moja na kujizungushia kitanzi. Ulimi wake unafunguka, unazibana nyuzi zote mbili, kisu kinazikata, na mkono wa kupangusia unakisukuma kitanzi kitoke mdomoni kikipita juu ya ncha zilizobanwa. Fundo limekamilika. Hayo yote yanamalizika kabla plunja haijarudi kugonga tena.

Kwa hiyo usahau vyuma vingine vyote kwa muda ushike hivi vitano: sindano inayoleta, kisahani kinachoshika, mdomo unaosokota, kisu kinachokata, mkono unaopangusa. Fundo baya limeharibiwa na kimojawapo.

Upande mmoja, au pande zote mbili?

Beila ya kawaida ina vipiga-fundo viwili, na hilo ni msaada mkubwa kwako. Marobota yakifumuka, jiulize kwanza ni kamba ipi inayoshindwa.

Zikishindwa zote mbili, usiguse kipiga-fundo chochote. Ni vigumu vipiga-fundo viwili viugue ugonjwa mmoja saa ileile. Tafuta kinachozihusu zote: nyasi mbichi, springi za kubana robota zilizokazwa mno, kamba mbaya, PTO iliyoshuka, breki ya shafti ya vipiga-fundo iliyolegea, au vishikizi vya nyasi vilivyokwama ndani ya chumba.

Ikishindwa moja tu, yule mwenzake mzima ndiye kitabu chako cha maelekezo. Kwanza badilishana kamba: ya upande huu ipite kule, ya kule ije huku. Ugonjwa ukihamia upande wa pili, kosa ni la kamba. Ukibaki palepale, linganisha vipiga-fundo viwili kifaa kwa kifaa: springi ya huyu imebanwa kiasi gani, ya yule kiasi gani, mkono wa huyu unagusa wapi, wa yule wapi. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoanza nayo.

Fundo linasema nini

Kusanya kamba za marobota yaliyofumuka, zisipungue nne au tano, uzilaze juu ya bodi ya trekta. Angalia ncha, si katikati.

*Fundo lipo kwenye uzi uliolala juu ya robota, lakini uzi wa sindano haumo.* Uzi wa pili haukufika mahali pake. Angalia kama sindano imepinda au imelegea, kama inafika hadi kwenye kisahani, na kama mwanya wa kisahani uko wazi kuipokea inapofika. Pia angalia kibanio karibu na boksi: kamba ikilegea, sindano huibeba ikiwa na ulegevu na mdomo huikosa.

*Fundo lipo kwenye uzi wa sindano, ule wa juu umechomoka.* Kisahani hakikuushika. Safisha makapi yaliyojishindilia ndani yake, kisha kaza springi ya kibanio cha kisahani kwa robo ya mzunguko. Robota lililobanwa kupita kiasi nalo huvuta ncha hiyo ikachomoka, kwa hiyo pima na hilo.

*Hakuna fundo kabisa, ncha zote mbili zimekatwa vizuri.* Mdomo ulizunguka bila kubana, au haukuzunguka. Chunguza springi ya ulimi, gurudumu dogo lililo nyuma ya ulimi kama limelika upande mmoja, na pini inayoshikilia gia ya mdomo kama imekatika.

*Fundo limefungwa lakini limelegea na kuteleza.* Ulimi haubani vya kutosha, au ncha zimekatwa fupi mno. Kaza springi ya ulimi kidogo tu.

*Fundo limebaki mdomoni na kamba imekatika kando yake.* Hapa ni kinyume: ulimi umekazwa mno, au mkono haupangusi, au mdomo una kutu. Hili huonekana sana siku ya kwanza ya msimu. Usilegeze springi kabla hujapita na msasa laini juu ya mdomo na ulimi hadi ving'ae.

*Ncha zimechanika na zina nyuzinyuzi.* Kisu ni butu, au kibanio cha kisahani kimekazwa hadi kinaisaga kamba. Kisu kinolewe au kibadilishwe, na mara nyingi ni bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote kwenye kipiga-fundo. Ukikiangalia na kukiona kinang'aa, bado hujakipima: kipitishe juu ya kamba iliyovutwa. Kisu kizuri hukata mara moja.

*Kamba imekatika mbali na fundo.* Kipiga-fundo hakina kosa. Tafuta mfereji uliochimbwa na kamba kwenye tundu la sindano au kwenye pete zinazoiongoza. Pitisha kidole na utayahisi makali yake. Kama hakuna, punguza ubanaji wa robota au badilisha kamba.

Igeuze kwa mkono ukiangalia

Ukishajua upande na dalili, thibitisha. PTO ikiwa imetolewa na injini imezimwa, acha robota ndani ya chumba ili kamba iwe na mkazo wake wa kawaida. Ondoa makapi yote juu ya vipiga-fundo. Inua mkono wa kupimia urefu uachie. Sasa mtu mmoja azungushe flaiwili polepole, upande inaozunguka kazini na si kinyume, nawe usimame pembeni unapoona bila kuingiza mkono.

Tazama sindano inavyopanda: inapita karibu na fremu ya kipiga-fundo bila kuigonga, na inaulaza uzi ndani ya kisahani. Mwambie mwenzako asimame mdomo unapoanza kuzunguka. Hapo utaona kwa macho kile ambacho shambani hupita upesi mno: lile gurudumu dogo linapanda juu ya kamu, ulimi unapanuka, nyuzi mbili zinaingia. Kama ni uzi mmoja tu unaoingia, umeupata ugonjwa. Zungusheni tena kidogo. Kisu kinakuja, kinakata nyuzi zote. Mkono wa kupangusia unafuata, na lazima upite ukiparuza mdomo kwa wepesi toka kisigino hadi ncha. Ukiona mwanga kati ya mkono na mdomo, fundo litabaki limening'inia. Kwenye mashine nyingi mkono huo hukunjwa kwa mtaimbo hadi uguse. Kunja kidogo sana, zungusha, angalia tena.

Kabla ya kukaza chochote, weka alama ya rangi au chaki kwenye nati ilipokuwa. Springi za kipiga-fundo zikazwe kwa robo ya mzunguko, nusu ikizidi sana. Kama umekwenda mzunguko mzima na hakuna kilichobadilika, rudisha nati kwenye alama yake, maana kosa haliko hapo. Pengine kifaa kimelika, na chuma kilicholika hakirudishwi na springi.

Katani au plastiki

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893 ulipoletwa na Richard Hindorf, na kwa miongo mingi kamba za kufungia miganda na marobota zilikuwa miongoni mwa masoko yake makubwa duniani, hadi plastiki ilipochukua sehemu kubwa. Vipiga-fundo vya beila nyingi kuukuu viliundwa kwa ajili ya katani, na bado vinaipenda. Katani ina mikwaruzo, hivyo fundo lake hushika. Udhaifu wake ni unene usio sawa na kuoza ikilowa, kwa hiyo boksi la kamba liwe na kifuniko kisichovuja.

Plastiki ni laini na nyembamba. Ukihamia kwake, mara nyingi kisahani na ulimi vitahitaji kukazwa zaidi, na kisu kiwe kikali kweli. Usichanganye katani upande mmoja na plastiki upande wa pili. Na ukilisha mifugo, toa kila kipande cha plastiki horini: ng'ombe akikimeza, hakiyeyuki tumboni.

Unaponunua, soma namba ya mita kwa kilo iliyoandikwa kwenye kifurushi. Namba ikiwa ndogo, kamba ni nene. Ukibadilisha unene, tarajia kupima springi upya. Kamba ivutwe kutoka katikati ya mpira wake, na mwisho wa mpira wa kwanza uungwe na mwanzo wa pili kwa fundo dogo bapa, mikia ikatwe mifupi ili ipite kwenye tundu la sindano.

Umbo, ubanaji na urefu

Robota likipinda kama ndizi, upande wa ndani wa pindo ndio uliokosa nyasi. Ukiwa ni upande wa mbali na mlango wa kulishia, sogeza vidole vya kulisha vifike mbali zaidi ndani ya chumba. Ukiwa ni upande wa karibu, virudishe nyuma. Nyasi nyepesi na nyasi nzito huhitaji mahali tofauti, kwa hiyo usishangae kurekebisha ukihama shamba.

Upande wa robota unaokatwa uwe laini. Ukiona manyoya marefu yananing'inia upande huo, kisu cha plunja na kile cha ukutani ni butu au vimeachana. Nafasi kati yao haipaswi kufika milimita moja. Lakini kabla ya kuvisogeza, tikisa plunja: kama magurudumu au mbao zinazoibeba zimelika na plunja inacheza, shughulikia hilo kwanza, la sivyo visu vitagongana.

Springi za kubana robota zikazwe sawa kulia na kushoto. Asubuhi anza zikiwa zimelegea kidogo, kaza nyasi zinapozidi kukauka. Jioni zilegeze. Chumba kilichopata kutu wakati wa mvua huliminya robota kuliko springi zenyewe, hivyo marobota ya kwanza ya msimu yapite yakiwa yamelegezwa sana hadi kuta zing'ae.

Urefu ukibadilikabadilika, tazama gurudumu la meno linalopima robota. Meno yakiwa butu au springi inayoligandamiza imechoka, huteleza. Lakini kumbuka vile vipande: fundo hufungwa baada ya plunja kugonga, kwa hiyo robota haliwezi kuwa sahihi kuliko unene wa kipande kimoja. Vipande vinene, tofauti kubwa. Na hapo dawa ni gia ya trekta.

Bolti inayokatika kila mara

Bolti ya flaiwili imewekwa ikatike ili gia, sindano na plunja vipone. Anayeitoa na kuweka bolti ngumu ya gari amehamishia hasara kwenye vifaa ghali kuliko beila nyingine nzima ya mtumba. Weka bolti ya ugumu na unene ule ule uliotakiwa, na beba za akiba.

Ikikatika mara moja, huenda ni jiwe au lundo la nyasi. Ikikatika tena na tena, fuata mpangilio huu. Noa visu vya plunja. Angalia kama vishikizi vya nyasi vinarudi vizuri kwenye springi zao. Kisha angalia kama sindano zinarudi chini kabisa baada ya kufunga. Kwenye beila nyingi kuna kizuizi kinachoingia njiani mwa plunja mpaka sindano zirudi nyumbani, na breki ya vipiga-fundo ikilegea au kupata grisi, sindano hupitiliza, kizuizi hubaki ndani, plunja inakigonga, bolti inakwenda. Kosa lipo kwenye breki, ingawa kilichokatika kipo mbele.

Kama cheni au gia iliwahi kufunguliwa, kagua mpangilio wa sindano na plunja. Sindano zipande plunja ikiwa imezikinga ndani ya mifereji yake. Tafuta alama zilizopigwa kwenye gia, zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa kamili, na usiwashe trekta hadi uhakikishe havigusani.

Klachi ya kuteleza kwenye flaiwili nayo hushikana kwa kutu ikikaa. Mwanzo wa msimu legeza springi zake, iache iteleze kidogo ijisafishe, kisha uzirudishe kwenye urefu zilizokuwa nao.

Msimu unapokwisha

Kazi muhimu kuliko zote hufanywa siku robota la mwisho linapotoka, wakati bado unakumbuka kila mlio. Toa nyasi zote ndani ya chumba, maana nyasi zilizoachwa hunyonya maji na kula chuma. Puliza makapi kwenye vipiga-fundo. Tia grisi kila chuchu hadi ile ya zamani itoke. Paka oili au grisi mdomo, ulimi, kisahani, kuta za chumba na sindano. Ingiza mashine kivulini, ikiwezekana chini ya bati.

Kisha kaa chini na daftari. Andika aina ya beila na namba yake, urefu wa kila springi ulivyokuwa siku ilipofunga vizuri, aina ya kamba, na hesabu ya vipande. Funga na karatasi ndogo mafundo mabaya uliyoyahifadhi, kila moja na maelezo ya lilikotoka. Fundi atakayekuja baadaye, hata akiwa mwanao, atakushukuru kwa hilo kuliko kwa kitabu chochote cha kiwandani.

Kutoka kwenye daftari hilo andika orodha ya vifaa: ulimi, springi ya ulimi, kisu cha kamba, pini, bolti za usalama, meno ya kuokota. Vya beila za umri huu mara nyingi huagizwa mbali na huchelewa. Viagize sasa, nyasi zikiwa bado zinaota, uvifunge na kuvijaribu kwa mkono kabla mashine ya kukatia haijaingia shambani.